MAMA, HIKI NI NINI? Konokono wa bahari asiye na nyumba



Kama kawaida yetu, swali la juma hili limetoka kwa watoto. Kuna picha inayotembea sana katika matelefone: kinyama kidogo cha rangi ya bluu na fedha, chenye vidole vingi pembeni kama mabawa, kimelala katika kiganja cha mtu. Watoto wanauliza: Mama, hiki ni nini? Ni mnyama wa kweli, ama ni picha ya kutengenezwa? Ninaweza kumshika?

Majibu mawili ya kwanza ni rahisi. Ni mnyama wa kweli, na ni jamaa wa konokono yule tunayemwona asubuhi juu ya majani ya sombe baada ya mvua. Jibu la tatu ni hapana. Usimshike. Na sababu ya hapana hiyo ndiyo nitakayoieleza leo, kwa kuwa inatufaa hata sisi tunaokaa mbali na bahari.

Ni kweli tuko mbali. Pwani ya nchi yetu ni fupi, karibu kilomita 40 tu, kule Banana na Muanda ambako mto Kongo unaingia baharini. Wanyama hawa wanaishi ndani ya maji ya chumvi, kwa hiyo usiwatafute Tanganyika wala Kivu. Lakini wengi wetu tuna ndugu Dar es Salaam na Mombasa, wengine wanafuata biashara huko, na watoto wakifika pwani kitu cha kwanza wanachofanya ni kuokota kila kinachong'aa mchangani. Tena somo lenyewe halikai baharini peke yake. Linarudi mpaka ndani ya lupango, kama tutakavyoona.

Ni nani huyu?

Kiswahili cha vitabu kinamwita koa: konokono asiye na gamba. Makoa wa bahari ni wengi sana. Kundi moja tu kati yao, lile lenye matamvua ya kupumulia nje ya mwili, lina aina karibu 3000 zinazojulikana. Wengi wao ni wadogo kuliko kidole. Lakini kuna mmoja mweusi kule California, nchini Marekani, anayeweza kupita kilo 10, uzito wa mtoto wa mwaka mmoja.

Karibu wote wanaanza maisha wakiwa na gamba. Mtoto akitoka katika yai anakuwa na kigamba kidogo mno, anaelea nacho katika maji. Akikua, wengi wanakiacha kabisa, na wengine wanabaki na kipande kidogo kilichofichwa chini ya ngozi. Hebu fikiri: konokono anabeba nyumba yake maisha yote, na akiogopa anaingia ndani. Huyu ameiacha. Mwili wake ni laini kama ulimi, hana mifupa, hana meno ya kuuma mtu, hana miguu ya kukimbia. Baharini kuna samaki, kaa na kamba wenye njaa. Sasa anaishije?

Kumtambua

Kabla ya kujibu, tujue kwanza kumtofautisha na wengine. Mtoto akikuonyesha picha, mwambie atafute alama hizi.

Ya kwanza ni pembe mbili juu ya kichwa. Si za kupigania. Ni za kunusia: kwa hizo anatambua chakula na wenzake, kwa maana macho yake ni dhaifu sana, yanajua tu mwanga na giza. Rangi zake nzuri, yeye mwenyewe hazioni.

Ya pili iko mgongoni. Wengine wana matamvua yaliyokusanyika upande wa nyuma kama ua lililofunguka. Wengine hawana ua hilo, bali wana vidole vingi laini vilivyosimama mgongoni kote kama majani ya kichaka. Hawa ni makundi mawili, na utaona kwamba kila moja lina silaha yake.

Ya tatu ni tumbo. Chini ni bapa, anateleza polepole juu ya ute wake sawasawa na konokono wa shambani.

Kuna wawili wanaofanana naye na kuwadanganya watu. Mmoja ni mnyoo bapa wa bahari: naye ana rangi kali, lakini ni mwembamba kama jani, na mgongoni hana ua la matamvua wala vidole. Mwingine ni jongoo bahari, yule mnene mrefu ambaye watu wa pwani wanamvuna na kumkausha kwa ajili ya wanunuzi wa China. Huyo hana pembe kichwani na si jamaa wa konokono kabisa.

Na yuko sungura wa bahari. Huyu ni koa wa kweli, mnene, wa rangi ya udongo au majani, na pembe zake za nyuma zimesimama kama masikio ya sungura. Warumi wa zamani walimpa jina hilo karibu miaka 2000 iliyopita, na walimwogopa wakisema ni sumu.

Silaha za asiye na gamba

Nitawaeleza njia sita. Wasomee watoto moja kila siku. Watazikumbuka zaidi kuliko wakizisikia zote pamoja.

Njia ya kwanza ni kujificha. Makoa wengi wana rangi ileile ya chakula wanachokalia. Anayekula majani ya bahari ni kijani, anayekula kitu chekundu ni mwekundu. Samaki anapita juu yake asimwone.

Njia ya pili ni wino. Sungura wa bahari akishikwa na adui anatoa wingu la zambarau ndani ya maji, pamoja na ute mweupe unaonata. Wino huo unafanya kazi zaidi ya kufunika macho. Una vitu vyenye ladha ya chakula. Kamba mkubwa anayemshambulia anapata ladha hiyo, anaacha mawindo yake na kuanza kujaribu kula wingu, na ute nao unaziba vinusio vyake. Wakati huo sungura wetu anaondoka taratibu. Na rangi ile ya zambarau inatoka katika majani mekundu ya bahari anayokula. Akilishwa majani ya kijani peke yake, hana zambarau ya kutoa.

Njia ya tatu ni asidi. Wako makoa ambao wakiguswa ngozi yao inatoa asidi ya sulfuri, ileile iliyomo ndani ya batri ya gari. Samaki akimweka mdomoni anamtema papo hapo.

Njia ya nne ni silaha ya wizi. Wanaofanya hivi ni wale wenye vidole mgongoni. Wanakula wanyama wa bahari wanaochoma, wale ambao ngozi yao ina vishale vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye sumu. Koa anavimeza bila kuvifyatua vyote, kisha vinapitishwa kutoka tumboni mpaka kwenye ncha za vidole vyake. Hapo vinakaa tayari. Anayemgusa anachomwa na silaha ambayo koa huyu hakuitengeneza.

Kinyama chetu cha bluu ni wa kundi hili. Jina lake la kisayansi ni Glaucus atlanticus, na watu wa ng'ambo wanamwita joka la bluu. Ana urefu wa karibu sentimita 3 tu. Anaelea juu ya bahari ya joto akiwa amegeuka, tumbo juu, kwa sababu amemeza hewa. Upande wa bluu unatazama mbingu, ili ndege akitazama chini aone rangi ya maji. Upande wa fedha unatazama chini, ili samaki akitazama juu aone mwanga wa mbingu. Chakula chake kimojawapo ni mnyama anayeelea mwenye kamba ndefu zinazochoma watu vibaya sana. Joka hilo dogo linakusanya vishale vile na kuvirundika mahali pamoja, hata mchomo wake unaweza kuwa mkali kuliko wa yule aliyenyang'anywa. Sasa rudi katika ile picha, uutazame mkono uliomshika.

Njia ya tano ni sumu ya chakula pamoja na rangi ya kuonya. Hapa ndipo wale wenye ua mgongoni wanapojulikana. Wengi wanakula sifongo za bahari, na sifongo nyingi zina sumu ndani yake. Koa anaihifadhi sumu hiyo katika ngozi yake, kisha anavaa rangi kali: manjano, nyekundu, bluu yenye mistari. Samaki akionja mara moja anakumbuka rangi ile. Yuko mmoja mweusi mwenye mistari ya bluu na vichunusi vya manjano, anaishi kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi kuanzia upande wa Afrika Mashariki. Akisumbuliwa anatoa ute ambao ndani ya chombo cha maji unaweza kuua samaki na kaa. Rangi yake inaheshimiwa mpaka kuna jongoo bahari ambaye watoto wake, wakiwa wadogo, wanamwiga rangi ili waachwe salama.

Katika kundi hilohilo yuko mama ninayempenda kuliko wote. Ni koa mwekundu mkubwa, anaweza kufika sentimita 40, naye anapatikana kwenye matumbawe ya Kenya na Tanzania. Akiogopeshwa anafungua kingo za mwili wake, rangi nyekundu inang'aa kwa ghafula, anaogelea kwa kujipinda kama kitambaa cha mchezaji wa ngoma. Mayai yake anayataga katika utepe mrefu wa rangi ya waridi, anauzungusha juu ya jiwe mpaka unafanana na ua. Kisha anaondoka, harudi tena. Wachunguzi walipoyapima mayai hayo wakakuta ndani yake sumu ya aina ileile iliyo katika mwili wa mama, nayo ameipata kwa kula sifongo. Yaani kabla ya kuyaacha, ameyawekea ulinzi kutoka katika chakula chake mwenyewe. Samaki wengi wanayakataa. Wako makoa wengine wadogo waliozoea kuyala, kwa maana hakuna ulinzi unaoshinda kila mwizi, lakini mengi yanapona.

Njia ya sita inashangaza zaidi. Mwaka 2021 mwanamke mmoja mtafiti, Sayaka Mitoh, pamoja na mwalimu wake Yoichi Yusa, walitangaza jambo waliloliona katika Chuo Kikuu cha Wanawake cha Nara, Japani. Walikuwa wakifuga makoa wa kijani. Siku moja kichwa cha koa kikaonekana kinatembea peke yake, mwili umeachwa pembeni. Kichwa hicho kilianza kula majani ya bahari baada ya masaa machache. Katika muda wa juma moja moyo ulianza kuota tena, na baada ya majuma matatu mwili ulikuwa umerudi. Waliokuwa wazee hawakuweza. Vichwa vyao vilikufa. Wachunguzi hawa hawasemi kwamba anafanya hivyo kumkimbia adui, kwa kuwa kujikata kunachukua masaa. Wanafikiri anauacha mwili ulioingiliwa na wadudu wanaomnyonya, apate kuanza upya.

Kisa cha mbwa wa Auckland

Mpaka hapa mtoto mwenye akili atasema: Nimeelewa, mama. Chenye rangi kali ni hatari, chenye rangi ya kawaida ni salama. Mama mwenzangu, hapo ndipo usimwache aende kucheza. Mkalishe kidogo tena.

Mwaka 2009, katika mji wa Auckland nchini New Zealand, mbwa waliotembezwa ufukweni walianza kuugua ghafula. Walitapika, walitetemeka, miguu ilikataa, na baadhi yao walikufa. Watu walifikiri wametegewa sumu. Wachunguzi walipotafuta walikuta makoa waliotupwa na mawimbi mchangani, na mbwa walikuwa wamewala au kuwalamba. Ndani yao ilikuwamo sumu ileile ya bunju, samaki anayejivimbisha kama mpira, ambaye jamaa zake wako hata Tanganyika na mto Kongo. Ni sumu inayolegeza misuli mpaka ile ya kupumulia, na haina dawa ya kuivunja. Wanachoweza waganga ni kumsaidia mgonjwa apumue mpaka imwishe mwilini.

Na koa yule alikuwa wa rangi gani? Kijivu. Kijivu chenye madoa, kama mchanga uliolowa. Hakuna manjano, hakuna nyekundu, hakuna ua la kupendeza. Wenye mbwa wale wangeweza kumkanyaga bila kumwona.

Kwa hiyo tuwaambie watoto mambo mawili, tusiishie la kwanza. La kwanza: rangi kali mara nyingi ni onyo, liheshimu. La pili: kukosa rangi si ruhusa. Kitu usichokijua hukigusi, hukionji, mpaka mtu anayekijua akuambie.

Wanawake wa pwani wanalijua jambo hili kwa kazi. Kule Unguja, maji yakipwa, wanawake wanashuka kwenda kuokota chaza na pweza, na wengi wao wanalima mwani, majani ya bahari yanayouzwa nje. Wanatembea katikati ya mamia ya vitu vyenye uhai, wanaokota vichache tu, vile ambavyo mama zao waliwafundisha. Vingine wanavipita. Nasi hapa tunafanya hivyohivyo na uyoga msimu wa mvua, na pia na viwavi tunaowauza sokoni. Hakuna mama anayepika kiwavi kwa sababu ni kizuri au kwa sababu ni kibaya sura. Anapika kile anachokijua jina lake, mti wake na msimu wake.

Ndani ya lupango

Sasa turudi nyumbani, maana hapa watoto wetu hawataokota koa wa bahari. Wataokota jongoo, yule wa miguu mingi. Mguse, anajikunja kama sarafu, kisha anatoa maji ya manjano yenye harufu. Hiyo ni njia ya tatu tuliyoisema juu, silaha ya ngozi. Maji hayo yanaweza kuunguza ngozi ya mtoto na kuacha doa jeusi, na yakiingia jichoni ni hatari. Wataokota kiwavi mwenye nywele: kila unywele wake ni kama kishale. Mfundishe mtoto kumchunguza kwa macho, mikono imewekwa nyuma.

Na ziko hatari za kijivu, zile zisizojionyesha. Makundi yetu mengi yanatengeneza sabuni. Ile soda kali tunayoitumia ni nyeupe, inafanana na chumvi na sukari, haina harufu. Mtoto akiilamba inamchoma mdomo na koo, na kidonda hicho kinaweza kumtesa miaka. Petroli ya taa tunaiweka katika chupa ya limonade. Dawa ya panya tunaifunga katika kipande cha karatasi kama tunavyofunga karanga. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, anajua sura tu: chupa ya limonade ina limonade. Koa wa Auckland hakupewa na mtu rangi ya kuonya. Sisi tunaweza kuvipa vitu vyetu hivi onyo: chombo chake peke yake, kifuniko kinachofunga, alama nyekundu, mahali pa juu pasipofikiwa, na kamwe si katika chupa ya kinywaji.

Ikiwa ajali imetokea, mambo ni haya. Mtoto aliyemeza kitu usichokijua, usimlazimishe kutapika, hasa ikiwa ni soda kali au petroli, kwa sababu kinachochoma kikishuka kinachoma tena kikipanda. Mpeleke haraka kituo cha afya, na uchukue chupa, karatasi, jani au mabaki ya kitu chenyewe ili mganga ajue. Ngozi au jicho lililopatwa na maji ya jongoo au soda, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, na ikiwa ni jicho usingoje kesho. Na ukiwa pwani, mtoto akichomwa na kinyama cha baharini, mtoe majini, osha kwa maji ya bahari, usisugue, kisha mwone mganga ikiwa maumivu yanazidi au anapumua vibaya.

Koa naye anajifunza

Namalizia kwa jambo linalotuhusu tunaolea. Mtafiti Eric Kandel, wa Marekani, alipata Tuzo ya Nobel ya uganga mwaka 2000, na mwalimu wake mkubwa alikuwa sungura wa bahari. Alimchagua kwa sababu mnyama huyu ana seli za neva chache, karibu 20,000, na nyingine ni kubwa mpaka zinaonekana kwa macho. Ukimgusa kidogo karibu na tamvua lake, analirudisha ndani haraka. Ni kujikinga. Ukimgusa mara nyingi bila ubaya kutokea, anazoea, anaacha kulirudisha. Lakini akipata mshtuko mkali mkiani, basi hata mguso mdogo unamfanya ajikunje kwa nguvu.

Wachunguzi walikuta jambo jingine. Somo la mara moja alilisahau upesi. Somo lilelile likirudiwa kwa vipindi, leo kidogo, kesho kidogo, alilikumbuka kwa majuma.

Wamama, huyu ni mnyama asiye na mifupa wala uso. Mtoto wetu ana akili mara nyingi zaidi, lakini katika hili hatofautiani naye sana. Kumfokea mara moja siku aliyoshika jongoo kunamfundisha kukuogopa wewe. Kumwambia kwa upole kila juma, njiani kwenda masomo, shambani, mtoni: Tazama. Hiki ni nini? Unakijua? Basi mikono nyuma, tumwulize anayekijua. Hilo ndilo linalokaa.

Kwa mazungumzo ya kundi juma hili

1. Kila mama ataje kitu kimoja cha rangi kali katika mtaa wetu ambacho ni hatari, na kimoja cha rangi ya kawaida ambacho ni hatari pia. Mwandishi wa kundi aviandike.

2. Wanaotengeneza sabuni: soda inakaa wapi usiku? Ufunguo ni wa nani?

3. Wazee wetu wanajua majina ya uyoga na viwavi ambayo sisi tumeanza kuyasahau. Chagueni siku moja bibi mmoja awatembeze watoto na kuwaonyesha kipi kinaliwa na kipi kinapitwa.

4. Ombeni watoto wachore koa wa bahari: pembe mbili, ua au vidole mgongoni, tumbo bapa. Atakayekumbuka alama zote tatu bila kusaidiwa, mpigieni makofi.

Juma lijalo tutajibu swali la watoto wa darasa la tatu: kwa nini ndagala wanafuata taa usiku? Mkae salama, na salamu kwa wote wa nyumbani.